Kwa Nini Taksimu Yangu Inapiga Kelele Sawa na Kundi Zima?

SWALI: Assalaamu alaykum, fundi. Mimi hupiga udi katika kikundi cha taarab hapa Mombasa. Tumerekodi wimbo wetu wa kwanza studio. Unaanza na taksimu, mimi na udi peke yetu, kisha dumbaki, fidla na kinanda vinaingia na mwimbaji anafuata. Tulichosikizishwa palepale studio kilikuwa kitamu. Tulicholetewa baadaye kina sauti kubwa mno, lakini taksimu imekuwa na nguvu sawa na kundi zima na dumbaki halina mpigo tena. Prodyuza anasema hiyo ndiyo sauti ya kisasa, tukikataa wimbo utamezwa na nyimbo za wengine. Tumeuweka YouTube, na ukiusikiliza kando ya taarab za zamani ambazo watu wamezitoa kwenye kanda, wetu ndio unasikika mnyonge. Harusini nako ni yaleyale, mitambo inabanwa mpaka vichwa vinauma. Je, ni masikio yangu, au kuna kitu kinafanyika?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Masikio yako ni mazima. Kilichofanyika ni kwamba baada ya miksi, yaani kuchanganya sauti za vyombo vyote, kukamilika, katika ile hatua ya mwisho ya kuumasta wimbo, sauti ilisukumwa juu kwa nguvu huku dari likiwa limewekwa ili isipite hapo. Vilele vikakatwa, vilivyokuwa chini vikapandishwa, na wimbo mzima ukakaa kimo kimoja. Taksimu yako haikuguswa kwa nia mbaya. Imepandishwa kwa sababu mtambo haujui taksimu ni nini, unajua tu kwamba hapo sauti ni ndogo.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Ukubwa wa sauti ni kitu cha msikilizaji: anapandisha au anashusha kwenye redio yake, simu yake, gari lake. Upana wa sauti ni kitu cha mwanamuziki: ni tofauti iliyopo ndani ya wimbo wenyewe, kati ya pale anaponong'ona na pale anapopaza. Msikilizaji anaweza kuongeza ukubwa wakati wowote apendao. Upana ukishaondolewa studio, hakuna kitufe nyumbani cha kuurudisha. Nina hakika na hili kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii, na ndiyo sababu nitakujibu kwa kirefu.

Mtambo unaofanya kazi hiyo huitwa kompresa, na ndugu yake mkali zaidi ni limita. Kompresa huwekewa mstari. Sauti ikiuvuka, inapunguzwa kwa kiwango ulichochagua. Tuseme kiwango ni nne kwa moja. Mwimbaji akiuvuka mstari kwa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), upande wa pili atatoka akiwa ameuvuka kwa desibeli 3 tu. Desibeli 9 zimeondoka. Baada ya hapo fundi hupandisha kila kitu kwa desibeli 9 ili kilele kirudi pale kilipokuwa, na hapo ndipo vidogo vinapopanda pamoja na vikubwa: pumzi ya mwimbaji, kiti kinacholia, feni iliyosahauliwa kuzimwa. Limita hufanya vivyo hivyo, ila uwiano wake ni kumi kwa moja au zaidi, hivyo mstari unakuwa karibu ni ukuta.

Sasa chukua mpigo mmoja wa udi wako. Risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, inapogusa uzi kuna mshtuko mfupi sana, wa milisekunde chache, halafu uzi unaanza kuimba na kufifia taratibu. Ule mshtuko ndio unaomwambia msikilizaji kwamba pale kuna mtu, ana risha mkononi, na amepiga kwa nguvu kiasi gani. Pia ndio sehemu ya juu kuliko zote katika mpigo huo, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Kompresa ikiwekwa iwahi kushika na iwahi kuachia, mshtuko unanyolewa na ule mkia wa uzi unaofifia unapandishwa. Ukipiga polepole kwa upole na ukipiga kwa nguvu, vyote vinatoka sawa. Ulivyotumia miaka kujifunza katika mkono wa kulia vimefutwa kwa mpangilio wa vitufe viwili.

Dumbaki nalo lina kisa chake. Ile "dumu" ya katikati ya ngozi ina besi nyingi, na besi hubeba nguvu kubwa kuliko sauti nyingine. Wimbo mzima ukipitishwa katika limita moja, kila "dumu" inapoingia inavuta chini kila kitu, pamoja na mwimbaji, halafu vyote vinarudi juu mpaka "dumu" inayofuata. Sikiliza wimbo wako pale mwimbaji anapovuta neno refu juu ya mdundo. Nadhani utamsikia akizama na kuibuka, akizama na kuibuka. Hakuna aliyeimba hivyo.

Ukitaka kuona kwa macho, fungua faili zote mbili kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti. Ile ya kwanza mchoro wake utakuwa na mabonde na vilima, mwembamba kwenye taksimu, ukinenepa kundi linapoingia. Ile ya pili itakuwa tofali.

Prodyuza wako hakuitunga tabia hii, na sitaki umwone adui. Chanzo chake kiko kwenye masikio yetu wenyewe. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi na zile nyembamba za juu hupotea kwanza, ikipanda, zinajaza. Ndiyo maana wimbo uleule ukichezwa mara mbili, mara ya pili ukiwa juu kidogo tu, wengi wetu tutasema wa pili ni mtamu zaidi, hata hatutatambua kwamba tofauti pekee ni ukubwa. Kila anayeuza muziki amelijua jambo hili. Wimbo wako ukifuata wa mwenzako redioni, nawe umebana zaidi, utaonekana una uhai zaidi kwa sekunde kumi za mwanzo. Mwenzako naye atabana zaidi yako. Mashindano hayo yamedumu miongo mingi.

Zamani kulikuwa na kizuizi cha kimaumbile. Santuri ikikatwa kwa sauti kubwa mno, sindano huruka kwenye mfereji. Tepu ikizidishiwa, hujaa na kuanza kukwaruza. Hapa kwetu, santuri za Mzuri zilizotolewa na Assanand & Sons, na baadaye kanda za Mbwana Radio Service, zilipitia mipaka hiyohiyo. Kanda ya kawaida ina upana wa desibeli 50 hadi 60 hivi kabla hujaingia kwenye ule mvumo wake wa "shhh". Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba wazee hawakubana. Walibana, tepu yenyewe ilibana. Lakini ilibana kwa ulaini, na ilikuwa na mahali pa kuishia. Juu ya hapo mwimbaji mwenyewe alifanya kazi ya kompresa: akitaka kupaza alirudi nyuma ya maikrofoni, akitaka kunong'ona aliisogelea. Sikiliza rekodi za Zein l'Abdin na udi wake, ukiweka akilini mkono wake wa kulia tu. Mvumo wa kanda upo, umri wa rekodi unasikika, lakini mkono unausikia.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilileta upana wa desibeli 96 hivi, uwanja mpana kuliko wowote ambao mnunuzi wa kawaida alikuwa amewahi kupewa. Ila kizuizi cha sindano kiliondoka. Miaka ya 1990 zikaja limita za dijitali zinazoweza kuchungulia sauti kabla haijafika na kuikata bila kukosea hata mara moja, na kufikia mwisho wa muongo huo albamu nyingi kubwa za roki na pop zilikuwa zinabanwa kupita kiasi. Mfano unaotajwa sana ni albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic. Nyimbo zake zilitoka pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, na zile za mchezoni hazikuwa zimebanwa kama zile za CD. Mashabiki wakaziweka kando kwa kando, wakasikia wenyewe, wakaandika malalamiko wakitaka albamu imastiwe upya. Hao walikuwa wapenda gitaa zito na kelele, watu ambao usingetarajia walilie utulivu. Sasa fikiria udi.

Tuje YouTube, maana hapa ndipo hoja ya prodyuza wako inapoanguka. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa njia ya kupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, si kilele chake tu. Kipimo chake huitwa LUFS, na huandikwa kwa namba hasi: kadiri inavyokaribia sifuri, ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ukaamua vipindi vikae kwenye -23. Marekani ikapitisha sheria mwaka huohuo kuyazuia matangazo ya biashara ya televisheni yasipige kelele kuliko vipindi. Majukwaa ya muziki yakafuata: YouTube na Spotify hulenga -14 hivi, Apple Music -16.

Maana yake kwako ni hii. Tuseme wimbo wenu umemastiwa kwenye -7, namba ya kawaida kabisa kwa nyimbo zilizobanwa hivyo. YouTube inaupokea, inaupima, inaushusha desibeli 7. Ule wa zamani uliotoka kwenye kanda uko kwenye -14 au karibu na hapo, hauguswi. Sasa vyote viwili vina ukubwa sawa sikioni, lakini ule wa zamani vilele vyake bado vinapanda mpaka juu, na wenu vilele vyenu vimeshuka pamoja na kila kitu kingine. Mpigo wa dumbaki la zamani unaruka. Wa kwenu umelala. Ndicho ulichokisikia ukakiita unyonge, na umekisikia sawasawa. Mlilipa upana wote wa wimbo ili mpate ukubwa, kisha ukubwa wenyewe ukanyang'anywa mlangoni.

Haimaanishi kubana ni haramu. Mimi hubana kila siku. Mwimbaji anayesogea huku na kule mbele ya maikrofoni anahitaji kompresa ya upole, la sivyo maneno yatapotea, na katika taarab maneno yakipotea umepoteza kila kitu. Besi ya gitaa inahitaji kutulizwa. Muziki wa bango, ule wa saksafoni na magitaa, unavumilia kubanwa kuliko udi, kwa sababu saksafoni haina ule mshtuko wa risha. Na ni kweli watu husikiliza ndani ya matatu na tuktuk ambako injini inameza kila kilicho kidogo. Lakini hapo tiba ni kupandisha vile vidogo kiasi, taksimu isipotee, bila kukata vilele. Njia inayotumika ni kuchukua nakala ya miksi, kuibana vikali, na kuichanganya chini ya ile isiyobanwa. Asili inabaki na mipigo yake, nakala inajaza mabonde.

Harusini mambo ni mengine, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu kuna hasara ya fedha na ya masikio.

Kwanza ule mluzi wa maikrofoni. Kompresa ikibana halafu ikapandisha kwa desibeli 9, mwimbaji anaponyamaza maikrofoni inakuwa na nguvu zaidi kwa desibeli 9, na inaanza kusikia spika. Fundi anashindana na mluzi usiku kucha, anakata masafa ya juu, sauti ya mwimbaji inakuwa butu, kisha anapandisha tena ili isikike. Kompresa ingelegezwa nusu ya shida hiyo ingeondoka.

Pili spika zenyewe. Watu hudhani sauti iliyobanwa ni salama kwa spika kwa sababu haina vilele. Kinachochoma koili ya spika mara nyingi ni joto, na joto linatokana na wastani wa nguvu, si kilele cha mara moja. Muziki ambao vilele vyake viko desibeli 12 juu ya wastani unaipa spika nafasi ya kupoa kati ya mpigo na mpigo. Ubane mpaka tofauti iwe desibeli 6, upandishe tena mpaka vilele virudi palepale, na wastani wa nguvu unaoingia kwenye koili umekuwa mara nne. Vilele ni vilevile, taa nyekundu haiwaki, na saa nne usiku spika inaanza kutoa harufu. Nimeona wenye mitambo wakilaumu stima kwa jambo hili.

Tatu, watu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka desibeli 100 za wastani wa dakika 15 kuwa kikomo cha kumbi za burudani. Muziki wenye upana humpa mgeni nafuu kila taksimu inapokuja, kila beti linapotulia. Uliobanwa haumpi hata moja. Kichwa kinachouma ulichokitaja si uzee wala uchovu wa pilau. Na harusi zetu za Mji wa Kale hupigwa vichochoroni, kati ya kuta ndefu zinazotazamana, ambako sauti haina pa kwenda ila kurudi. Majirani wasioalikwa nao wana masikio, na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 kuhusu kelele zinawalinda. Kwenye kichochoro cha namna hiyo spika mbili ndogo zilizoinuliwa juu ya vichwa, zikielekezwa kwa wageni, zinatosha kuliko mlima wa besi uliowekwa chini mlangoni.

Sasa la kufanya. Nenda studio kwa adabu, uombe miksi ya mwisho kabla haijamastiwa, faili ya WAV ya biti 24, bila limita yoyote juu yake, vilele vikiwa desibeli chache chini ya sifuri, ambayo ndiyo dari la faili. Hiyo ni haki yenu, mmelipia. Ipeleke pamoja na ile iliyomastiwa kwenye chumba chochote chenye spika nzuri, na hapo fanya jaribio ambalo ningependa kila kikundi hapa Mombasa kilijue: shusha ile iliyobanwa mpaka ukubwa wake sikioni ulingane na ile isiyobanwa, pale kundi zima linapopiga. Usikadirie kwa haraka, chukua muda, fumba macho, mwombe mtu abadilishe bila kukwambia ni ipi. Zikishalingana, ndipo sikiliza. Mwite na prodyuza asikilize. Watu wengi hubadili msimamo hapo hapo bila kubishana, kwa sababu ile faida waliyokuwa wakiisikia ilikuwa ni ukubwa tu.

Akikubali kumasta upya, mpe maagizo machache yenye namba, maana "usibane sana" kila mtu anaielewa kivyake. Limita iguse vilele vikubwa tu vya dumbaki, isizidi desibeli 2 au 3. Kilele halisi kiishie desibeli 1 chini ya sifuri, ili faili ikigeuzwa na jukwaa isipasuke. Asilenge namba ya LUFS kwanza. Aache wimbo utue unapotua, na kwa taarab yenye udi na fidla nitafurahi ukitua kati ya -16 na -12. Taksimu yako iwe chini ya kundi kwa desibeli 8 hivi. Hiyo ya mwisho ni rai yangu, si sheria, lakini inamlazimu msikilizaji asogeze sikio mwanzoni, na dumbaki likiingia atalisikia kifuani.

Kuna uwezekano mmoja mbaya zaidi. Huenda miksi yenyewe ilibanwa chombo kwa chombo wakati wa kurekodi, kompresa ikiwa mbele ya maikrofoni ya udi tangu mwanzo. Utaijua kwa sababu hata ile WAV mpya taksimu yake itakuwa imenyooka. Hapo hakuna kumasta kutakakosaidia. Rudini mrekodi udi peke yake upya, maikrofoni ikae sentimita 30 hivi kutoka kwenye ubao, ielekee kati ya tundu na daraja, bila kompresa yoyote njiani, na kiwango cha kurekodia kikae chini vya kutosha ili mpigo wako mkali kuliko yote usiwashe taa nyekundu. Kwa biti 24 hamna haja ya kuogopa kurekodi chini, mvumo hautasikika. Mwambie fundi uanze kwa kupiga ule mpigo mkali, apime kwa huo, ndipo urudi kwenye upole wako.